Sogeza Simu Karibu

Vibandiko ishirini na vinne, kila kimoja kama sarafu ya shilingi ishirini,
nilivipandisha Kilima cha Pimbi ndani ya mkebe wa Kimbo,
pamoja na gundi ya mafundi wa mabomba na kitambaa cha kufutia umande.
Chini, Nakuru ilikuwa bado inapiga miayo,
ziwa limekaa jeupe kama maziwa yaliyomwagika yakaachwa.

Kibandiko hakina betri.
Hili narudia kwa kila anayeuliza:
hakina betri, hakina waya, hakina moto wake.
Kimelala tu, uzi wa shaba uliojikunja kama jongoo,
mpaka simu ifike upana wa vidole viwili;
hapo hunyonya kijimoto kutoka kwa mgeni,
kikasema neno moja, kikalala tena.

Neno lenyewe ni anwani. Yaliyobaki ni kazi yangu:
kioo kinafunguka, jiwe linaonekana ndani ya jiwe,
mashimo yaleyale ya bao, ya wachongaji tusiowajua majina,
ila sasa yana kete, na upande wa pili yuko mchezaji.
Sikumpa sura. Wasimamizi walitaka ndevu na ngozi ya chui;
nikawauliza, nani alimwona?
Nikampa subira tu.
Huchukua muda kabla ya kula. Wakati mwingine hukosea.

Alhamisi wakaja watoto kutoka Lanet, sweta za kijani,
mwalimu Nyakerario na simu moja kwa vichwa arobaini.
"Usibonyeze, sogeza! Sogeza, nimesema!"
Kibiwott alichoka kungoja foleni,
akajaza mashimo ya kweli kokoto za njia ya magari,
akacheza na msichana mwenye plasta gotini,
na kibandiko kando yao kikalala fofofo,
bila kinyongo.
Kwenye ripoti niliandika: watumiaji arobaini.
Wawili kati yao bado sijui niwaweke safu gani.

Namba kumi na tisa imekufa. Pimbi ameikojolea.
Askari Jepkemoi anacheka: mwenye mji kadai kodi.
Ndiye yuleyule, namwambia, aliyekosa mkia kwa kutuma;
siku ya kugawa mikia kulikuwa na manyunyu,
akawaambia wenziwe: nileteeni na wangu.
Hapa hakuna kutuma. Hata uwe Ulaya na mtandao wa kasi,
jiwe halikufungukii. Panda kilima, inama,
magoti yalie, mkono ufike.

Kuna jambo halimo katika ripoti.
Sauti ya kete zikianguka sikuinunua:
ni maharagwe ya mama, bakuli la bati, jikoni Kiamunyi.
Nilirekodi Februari, nikimwomba asiongee,
afunge redio, amtoe kuku nje.
Akanyamaza, akadondosha moja moja,
na kabla ya ile ya kwanza, akakohoa.
Nilipanga kukifuta kikohozi. Niliona muda uko.
Aprili, jikoni kulikuwa kimya bila kuombwa.

Saa kumi na moja na nusu Jepkemoi anafunga lango la juu.
Ananipa dakika tano; hajaniuliza za nini.
Nainama kwenye jiwe la kwanza kama mtu anayenusa chungu.
Simu inatetemeka kidogo mkononi.

Kikohozi.

Kisha haragwe. Kisha haragwe.
Kisha maandishi niliyoyaandika mwenyewe, na bado yananishtua:
Zamu yako.
Betri asilimia nne. Nile? Nitakate?
Yule asiye na sura anangoja,
hana haraka.